Siku ya Tisini na Mbili

"Sijawahi kutia mguu Ufaransa, Bi Delyth. Sijawahi, hata kwa ndoto."

Hayo ndiyo maneno tuliyoachana nayo wiki iliyopita, na msemaji wake, Mererid Pugh, bado amesimama palepale: mbele ya meza ya ofisi ya safari za wanafunzi, Chuo cha Aberceri, magharibi ya Wales, mvua ikimchuruzika kutoka kwenye kofia ya koti. Juu ya meza imelala pasipoti yake mwenyewe, imefunguliwa, nayo inamkanusha.

Bi Delyth Mathias hakupandisha sauti. Miaka thelathini na zaidi ya kupeleka watoto wa watu ng'ambo ilikuwa imemfundisha kwamba mwongo hupiga kelele, na mkweli vilevile hupiga kelele. Kwa hiyo kelele si ushahidi.

"Basi nisomee wewe," alisema, akiisukuma pasipoti kwa ncha ya kalamu. "Macho yangu yamezeeka."

Mererid akainama. Mihuri miwili, wino wake haujafifia. Mmoja wa kuingia, Agosti ishirini. Wa pili wa kutoka, Agosti ishirini na tisa. Pembeni ya kila mmoja, mchoro mdogo wa meli.

"Siku ngapi hapo?"

"Kumi. Lakini Bi Delyth, mimi..."

"Na muhula wako kule Brittany, Ufaransa hukohuko?"

Hesabu hiyo kila mwanafunzi wa chuo kile aliijua kama sala ya chakula. "Themanini na mbili."

"Jumla?"

"Tisini na mbili."

"Tunaruhusiwa tisini, mwanangu. Tisini tu."

Siku mbili! Zamani, nchi ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, hapakuwa na mtu wa kuhesabu siku. Kijana alifunga begi, akapanda feri, akasoma mwaka mzima kwa fedha za Umoja, akarudi amenenepa. Kisha nchi ikajitoa. Mfuko ule ukafungwa, serikali ikaleta mfuko wake, na mpaka nao ukaota meno: atakayezidisha siku tisini katika kila mia na themanini atafute viza. Viza ina safari ya London, ina wiki za kungoja, ina gharama ambazo mchunga kondoo huzisikia akakaa kitako.

Bi Delyth alikuwa amekuna kichwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Akabuni muhula wa siku themanini na mbili, upite chini ya kizingiti bila kugusa. Ulikuwa mlango mwembamba, lakini ulipitika. Leo Mererid amekwama katikati yake, mabega yamezidi kwa siku mbili ambazo, kwa kiapo chake, hakuziishi.

"Basi nichelewe siku mbili!"

"Kujisajili ni Jumatatu. Asiyesaini Jumatatu, hayupo."

"Niondoke mapema."

"Ijumaa ya mwisho ni mtihani. Utaufanyia kwenye feri?"

"Niende mwakani, basi."

Bi Delyth alivua miwani. "Mwakani hakuna. Wenzetu kule wamechoka. Mfuko wa zamani ulipeleka watoto wetu na kuleta wa kwao. Huu unapeleka tu, hauleti. Jirani gani huyo, kila siku anakula kwako na kwake hapiki? Nafasi hii ni ya mwisho, Mererid. Saa kumi na moja kamili napeleka jina moja, na dirisha linafungwa."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika kumi.

Mererid alianza kutembea: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Huko Brittany ndiko kulikofundishwa kilimo cha mwani, kazi aliyoiota tangu siku alipomsikia baba yake akisema, bila hasira, kwamba shamba lao la kondoo lingeweza kumlisha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ni kaka yake. Pwani ya kwao ilikuwa tupu, ikingoja mtu mwenye ujuzi. Alikuwa ameshinda mahojiano. Alikuwa ameshinda hata upinzani wa mama yake, ambaye tangu mwezi wa sita alikuwa hataki kusikia jina la Brittany likitajwa mezani.

"Na kama si mimi," aliuliza, "jina litakuwa la nani?"

Mlango ulifunguka bila kubishwa.

"Hodi," alisema Rhodri Gethin, tayari yumo ndani.

"Hodi hupigwa nje, bwana mdogo," alisema Bi Delyth.

"Samahani, Bi Delyth. Mvua hainifundishi adabu." Kijana alijikung'uta kama mbwa. Alikuwa wa pili katika orodha, alama moja nyuma ya Mererid, na baba yake, Huw Gethin, ndiye kiongozi wa kwaya ya bonde zima. "Nimesikia kuna mtu hesabu imemshinda. Pole, dada. Usilie. Nitakufikishia salamu kwa Yann wako."

Masikio ya Mererid yaliwaka moto. "Si wangu. Ni mkufunzi."

"Mkufunzi! Miaka thelathini, hana mke, na barua zake ndefu kuliko nyaraka za Mtume Paulo. Posta nzima inazijua."

Ni kweli kwamba Yann Kervella, mkufunzi wa mwani, alikuwa amemwandikia mara sita tangu majira ya kuchipua. Tano zilihusu kamba, mbegu na maji kupwa na kujaa. Ya sita haikuhusu mwani kabisa. Ilikuwa mfukoni mwa koti lake sasa hivi, na jana jioni alikuwa ameijibu kwa neno moja ambalo hakuwahi kumwandikia mtu yeyote.

"Umekuja na shida gani, Rhodri?" aliuliza Bi Delyth.

"Nimekuja na ushahidi." Akatandaza gazeti mezani. Lilikuwa gazeti la bonde, lile ambalo watu wa kanisa hulichapa wenyewe kila mwezi na kuliuza dukani kwa mchinja nyama. Toleo lilikuwa la asubuhi ileile. Ukurasa wa kwanza ulibeba picha: kwaya ya bonde, gatini huko Brittany, chini ya mvua, katika ziara ya mji pacha, ule wenye udugu na bonde lao. "Huyu anasema hakwenda. Haya, watu arobaini hawa hapa. Yeye mwimbaji wa sauti ya pili. Someni maandishi: 'Kwaya kamili.' Kamili, Bi Delyth!"

"Sikwenda!" Mererid alipiga meza. "Nilishushwa kwenye basi!"

"Nani alikushusha?"

"Mama."

Bi Delyth aliinua mkono kumnyamazisha Rhodri. "Eleza. Polepole, na upesi."

Mererid alieleza. Kwaya ya bonde, tangu enzi za babu zao, haikusafiri kama watu wengine. Jioni ya kuamkia safari kila mtu alitia pasipoti yake katika kopo kubwa la biskuti, kopo lilelile la miaka yote, lenye picha ya kasri mfunikoni. Kiongozi alilibeba kopo mapajani hadi mpakani, akalikabidhi kwa afisa, likarudi. Enzi za Umoja, afisa alilitazama, akacheka, akaomba wimbo. Siku hizi afisa hupiga mihuri. Hata hivyo bonde halikubadili desturi.

"Nilitia pasipoti yangu koponi kama wote. Asubuhi nimeshaketi basini, mama akaja mbio na Landrova. Akasema baba ameanguka ngazi ya ghalani, mgongo umeumia, kondoo hawana mtu. Nikashuka. Mama akasema, 'Nenda nyumbani upesi, mimi nitamweleza Bwana Huw na kuichukua pasipoti yako, halafu nitaendelea na safari yangu ya Bala kwa dada yangu.' Siku kumi nzima nimelisha kondoo na kumgeuza baba kitandani. Muulizeni daktari!"

"Na pasipoti?"

"Mama aliiweka kabatini mwake. Leo asubuhi ndiyo nimeichukua, yeye akiwa zizini."

Bi Delyth alimtazama. Kisha uso wake mzima ukafunguka, akapiga kiganja juu ya kiganja.

"Kopo la biskuti! Mama yako alisahau kuitoa! Pasipoti imesafiri, mwenyewe yuko zizini! Ee Mungu wangu, watu wa kwetu! Kaa chini, mwanangu. Maelezo yako, cheti cha daktari, saini ya Huw Gethin, na neno limekwisha."

Mererid aliketi. Alicheka. Alikuwa hajacheka tangu asubuhi.

"Haliwezi kuwa limekwisha," alisema Rhodri.

Hakulisema kwa kejeli safari hii. Alilisema kama mtu anayesoma hesabu ubaoni na kuona imekataa.

"Afisa alipanda basini. Baba husimulia kila siku, ndicho kichekesho chake. Afisa hakutazama sura, kulikuwa alfajiri na mvua, alihesabu vichwa. Pasipoti arobaini, vichwa arobaini. Akapiga mihuri yote kwa mkupuo mmoja." Akaweka kidole kwenye picha. "Kama Mererid hakuwemo, vichwa vilikuwa thelathini na tisa. Na hapa wapo arobaini. Nimewahesabu mara mbili."

Bi Delyth aliivuta picha karibu.

"Basi pasipoti haikusahauliwa koponi," alisema Bi Delyth taratibu. "Ilitumiwa."

Rhodri alikuwa amebadilika rangi. Kijana huyu alikuwa na majivuno, lakini hakuwa mjinga: aliyewahesabu watu wale asubuhi ile alikuwa baba yake. Huw Gethin alimjua kila mwimbaji kwa sauti na kwa jina la babu. Alimjua wa arobaini. Waimbaji wote walimjua. Nao wote, kanisa zima, walikuwa wamefumba midomo kwa wiki mbili, mmoja wao akijua kwamba kimya hicho kingempa mwanawe nafasi.

Bi Delyth alifungua mtoto wa meza akatoa kioo cha kukuzia. "Mtafute," alimwambia Mererid. "Wewe unawajua wote."

Mererid akashika kioo. Makoti mekundu ya kwaya, kofia zimevutwa hadi nyusini. Bi Non wa duka la mkate. Ndugu wawili wa kinu. Safu ya mbele, safu ya kati. Alizitamka sura moja baada ya nyingine. Safu ya nyuma, mwishoni kabisa, alisimama mwanamke aliyejifunika shali mpaka puani. Uso haukuonekana. Mkono ndio ulioonekana, umeshika daftari la nyimbo, mkono wa kushoto. Na kidole cha pete kilikuwa kifupi, kimekatwa nchani.

Mererid aliijua siku kidole kile kilipokatwa. Alikuwa na miaka saba, na mashine ya kukatia manyoya ilikuwa bado inanguruma sakafuni.

Alikirudisha kioo juu ya mkono ule mara ya pili.

"Umemwona?" aliuliza Bi Delyth.

"Nimemwona."

"Nani?"

Kumi na dakika arobaini.

"Sema, dada!" Rhodri aliinama juu ya meza. "Huyo ndiye aliyekuibia siku zako!"

Mererid alikiweka kioo chini kwa uangalifu, kama kitu kilicho hai. Kusafiri kwa pasipoti ya mtu mwingine si mzaha. Kuna polisi, kuna mahakama. Alifumba macho akaona pwani tupu ya kwao. Alifumbua akaona mkono.

Bi Delyth alishusha sauti. "Sikiliza. Kama humjui, sema humjui. Nitaandika 'mtu asiyefahamika', na jina lako litakwenda. Nani atakuuliza?"

Pale, msomaji, ndipo tabia ya mtu hupimwa. Yeyote hujiita mkweli siku ukweli unapompa kitu; uzito wake huonekana siku unapomnyang'anya.

"Nikisema simjui nitakuwa mwongo," alisema Mererid. "Nikimtaja nitakuwa nimemfunga kwa mikono yangu. Andika jina la Rhodri."

"Mererid!"

"Andika, Bi Delyth. Kabla sijageuka."

Ungedhani Rhodri angeruka juu. Badala yake aliligonga gazeti kwa ngumi. "Usinipe sadaka mimi! Nilitaka kukushinda, sikutaka kuokota! Nikale mwani wa watu nikijua nimeupataje?"

"Basi nafasi ife?"

"Na ife!"

"Nyamazeni wote wawili!" Bi Delyth aliishika kalamu, akaiacha, akaishika tena.

"Iweke chini, Delyth," ilisema sauti ya mlangoni. "Jina ni la mwanangu."

Eirlys Pugh alisimama kizingitini na gambuti zake za zizini, matope hadi magotini, kifua kikipanda na kushuka. Alikuwa amelikuta kabati wazi, na Landrova ilikuwa imekimbia maili ishirini kama inafukuzwa.

"Mama, nyamaza," alisema Mererid haraka. "Sijakutaja."

"Nimesikia. Nimesimama hapo nje nikisikia jinsi usivyonitaja, na aibu imenila hadi mfupani." Akaja mezani, akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya picha, kidole juu ya kidole. "Wa arobaini ni mimi. Nipe karatasi."

"Lakini ulisema baba ameanguka!"

"Aliteleza kweli. Hilo sikulitunga. Nililitumia tu, na sijui lipi baya zaidi."

"Kwa nini usisafiri kwa pasipoti yako?"

"Iliisha zamani. Ningeomba mpya, baba yako angeuliza ya nini."

Bi Delyth alimsogezea karatasi bila kumtazama usoni. Eirlys aliandika mistari minne, herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu siku hizi, akasaini. "Polisi wakija, wajue njia ya shambani. Nitawapa chai."

"Inatakiwa na saini ya kiongozi wa msafara," alisema Bi Delyth. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Rhodri alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni. "Atasaini. Aliwahesabu mwenyewe, na asaini mwenyewe. Baba? Baba, sikiliza, usinikatize leo..." Sauti yake ya ukali ikapotelea koridoni.

Dakika saba baadaye karatasi ya Huw Gethin iliingia kwenye kompyuta, imesainiwa, bila salamu. Dakika tatu kabla ya saa kumi na moja Bi Delyth alibonyeza. Jina likaenda: Mererid Pugh.

Msichana alimrukia mama yake shingoni. Lakini mikono ya mama haikumkumbatia. Ilibaki imening'inia, kama ya mtu ambaye hajamaliza kazi.

"Sasa kaa," alisema Eirlys. "Umeipata kwa haki yako, na hakuna atakayekunyang'anya. Lakini hujaniuliza nilifuata nini kule."

"Eirlys," alisema Bi Delyth. "Si leo."

Ndipo Mererid alipoligundua. Mama yake, ambaye siku zote alidai hajawahi kukanyaga chuo kile, alikuwa amemwita mkuu wa ofisi kwa jina tupu. Na mkuu wa ofisi alikuwa amemwitikia vivyo hivyo.

"Mnajuana?"

"Nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kwenda Brittany," alisema mama. "Miaka thelathini na moja iliyopita. Fedha za Umoja, mwaka mzima. Hapakuwa na wa kuhesabu siku. Laiti angekuwepo. Delyth ndiye aliyekuja kunichukua, na Delyth peke yake ndiye aliyejua kwamba tulipaswa kurudi watatu, tukarudi wawili. Baba yako hajui hadi leo."

"Sielewi."

"Mwezi wa sita niliona bahasha yako juu ya kabati. Nikasoma jina la aliyeiandika. Nikajiambia, majina yapo mengi. Sikupata usingizi tena. Nikaenda kumwangalia kwa macho yangu. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama mwizi, sikuthubutu hata kumsalimu." Akatia mkono mfukoni. "Ana kidevu cha babu yako, Mererid."

Alichokiweka mezani, juu ya picha ya kwaya, kilikuwa kidogo mno: kikuku cha plastiki cha hospitali, kimekuwa cha manjano kwa umri, cha kuvikwa mkono usiozidi kidole gumba. Wino ulikuwa umefifia. Mwaka haukusomeka. Jina la ukoo halikusomeka.

Jina la kwanza lilisomeka.

*Yann.*

Nje mvua ilikuwa imekatika ghafla. Mererid alisikia karatasi ikikunjika, akatambua kwamba ni mkono wake mwenyewe, mfukoni, umeibana barua ya sita. Akafikiria jibu lake la jana, lile neno moja, lililotiwa posta kabla ya magharibi. Bila shaka lilikuwa limekwisha kuvuka bahari.